Kuongeza jengo la makumbusho ya kale: mzigo mpya unabebwa na nani?

Aliyewahi kuongeza chumba kwenye nyumba ya zamani anaujua ufa huu. Unatokea pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani. Mwanzoni ni mwembamba kama uzi, na baada ya misimu miwili ya mvua unaingiza kidole. Fundi atasema ni plasta, mwenye nyumba atasema ni saruji ya kubana matumizi. Mara nyingi sababu iko chini zaidi: jengo jipya linatafuta pa kuweka uzito wake, na la zamani halikuwa limejiandaa kulibeba.

Sasa chukua tatizo hilohilo ulipeleke katikati ya jiji kubwa. Jengo ni makumbusho yenye umri wa zaidi ya miaka 150. Ndani yake kuna vitu ambavyo vikivunjika havipatikani tena. Barabara zimelizunguka pande zote, sheria inakataza kulibomoa, na wageni wanaendelea kuingia kila siku. Wenye makumbusho wanataka nafasi zaidi. Wahandisi wanafanyaje?

Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo kwa kutumia majengo mawili ya London, Uingereza, na jengo moja la Zanzibar. Mwishoni tunarudi kwenye nyumba ya kawaida, kwa sababu kanuni inayolinda makumbusho ndiyo inayolinda nyumba yako: mzigo hauondoki, unahama tu.

Kwa nini yasihamie kwingine?

Makumbusho mengi makubwa yalijengwa karne ya 18 na ya 19, wakati wageni walikuwa wachache. British Museum ya London ilianzishwa mwaka 1753. Siku hizi inapokea mamilioni ya wageni kwa mwaka. Wanahitaji milango mipana, vyoo, mahali pa kula, madarasa ya wanafunzi na kumbi za maonyesho.

Kuhamia pembezoni mwa mji si rahisi, kwa sababu jengo lenyewe ni sehemu ya historia inayotunzwa. Kupanuka pembeni hakuwezekani, kwa sababu kuna barabara na majirani. Zinabaki njia chache: kupanda juu, kuchimba chini, au kutumia ua uliopo katikati ya jengo. Kila njia inaleta uzito mpya karibu na kuta za zamani.

Na jambo hili si la Waingereza peke yao. Katika British Museum kuna zana ya jiwe kutoka Bonde la Olduvai, Tanzania, iliyochongwa takriban miaka milioni 1.8 iliyopita. Kuna pia vigae vya vyungu vilivyookotwa ufukweni Kilwa Kisiwani. Kama vitu hivyo vinastahili kuwa huko au kurudishwa ni mjadala wa siku nyingine. Maadamu viko huko, usalama wa paa lile unatuhusu.

Ukuta wa zamani una nguvu ya aina gani?

Ukuta wa mawe au matofali una tabia moja unayoweza kuijaribu nyumbani. Panga matofali kumi, moja juu ya jingine, bila udongo wala saruji. Weka ndoo ya maji juu yake. Yatasimama. Sasa ondoa ndoo, uyasukume kwa mkono kutoka ubavuni. Yanaanguka.

Ukuta wa kale uko hivyo. Ukikandamizwa kutoka juu unavumilia sana. Ukisukumwa kutoka upande, au ukivutwa, unashindwa mapema. Ukuta wa kisasa wa zege una nondo ndani, na kazi ya nondo ni kuvumilia huko kuvutwa. Majengo mengi ya kale hayana nondo. Yanasimama kwa uzito wake yenyewe na kwa chokaa iliyoshika mawe.

Jambo la pili ni kutitia. Jengo lolote jipya hushuka kidogo ardhini baada ya kujengwa, kwa sababu udongo ulio chini yake unakandamizwa. Jengo la zamani lilishamaliza kushuka kwake miaka mingi iliyopita. Ukilifunga jengo jipya kwenye la zamani kwa nguvu, jipya litashuka huku la zamani limetulia. Kinachopasuka ni pale yalipofungwa pamoja. Ule ufa wa chumba chako cha nyongeza unaanzia hapo.

Kwa hiyo mhandisi wa miundo anapopewa kazi ya kuongeza jengo la kale, maswali yake ya kwanza ni haya. Uzito mpya ni kiasi gani? Utashuka kwa njia ipi hadi ardhini? Na je, katika njia hiyo kuna ukuta wa zamani utakaosukumwa upande ambao haukujengwa kusukumwa?

Paa la tani 800 juu ya kuta za kale

Jengo la British Museum tunalolijua leo lilianza kujengwa mwaka 1823. Mchoraji wake alikuwa Robert Smirke, mmoja wa wajenzi wa mwanzo Uingereza kutumia zege kwenye misingi. Aliacha ua mkubwa wa mstatili katikati, wa karibu eka 2, wenye kuta za mawe pande zote nne.

Ua huo haukubaki wazi kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1854 na 1857, mdogo wake, Sydney Smirke, alijenga katikati yake chumba cha kusomea cha mviringo chenye kuba kubwa juu. Kuba hiyo ina upana wa mita 42 na ushee, na mifupa yake ni ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Karl Marx alisomea humo. Nafasi iliyobaki kati ya chumba hicho na kuta za ua ilijazwa maghala ya vitabu. Kwa zaidi ya miaka 100 wageni hawakuuona ua huo kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vitabu vilihamishiwa jengo jipya la Maktaba ya Uingereza. Maghala yakabomolewa, ua ukafunguka, na wazo likawa ni kuufunika kwa paa la vioo ili uwe ukumbi wa umma. Wasanifu walikuwa Foster and Partners, na wahandisi wa miundo walikuwa Buro Happold. Kazi iligharimu pauni milioni 100, na ukumbi ulifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili Desemba 2000.

Paa lina vioo 3,312, chuma tani 478 na kioo tani 315. Ukijumlisha ni karibu tani 800, sawa na mzigo wa malori 80 yaliyobeba tani 10 kila moja. Malori hayo 80 yakae juu ya nini?

Tatizo halikuwa uzito peke yake. Paa hilo limepinda kama mgongo wa kobe, na kitu kilichopinda hivyo hakikandamizi chini tu, kinasukuma pia nje. Egemeza ngazi ukutani juu ya sakafu inayoteleza, kisha umwambie mtu aipande. Miguu ya ngazi itateleza kwenda nje. Kenchi la nyumba lisilo na mti wa chini wa kufunga miguu yake linafanya vivyo hivyo: linasukuma kuta zifunguke. Kama paa la vioo lingefungwa moja kwa moja juu ya kuta za Smirke, lingezisukuma kuta hizo nje. Tumeshaona kwamba huko ndiko ukuta wa mawe ulikodhaifu.

Wahandisi walilitatua kwa hatua mbili.

Kwanza, upande wa nje, paa halikufungwa kwenye kuta za kale. Lilikalishwa juu ya vikalio vinavyoteleza. Kikalio kinapokea uzito unaokwenda chini, lakini paa likitaka kwenda nje linateleza juu yake bila kuusukuma ukuta. Vikalio hivyo vinasaidia pia wakati wa joto, kwa sababu chuma hutanuka jua linapowaka na kusinyaa usiku. Bati la nyumba yako linalogonga gonga jioni linafanya kazi hiyohiyo ya kusinyaa.

Pili, upande wa ndani, paa halikuwekwa juu ya chumba cha kusomea cha mwaka 1857. Chuma cha kusubu kina nguvu kikikandamizwa, lakini kikizidiwa kinavunjika ghafla badala ya kupinda. Hakuna aliyetaka kukiongezea tani mamia. Zilisimamishwa nguzo mpya 20 za chuma zilizojazwa zege kukizunguka chumba hicho, na juu yake ukawekwa mkanda wa duara wa kupokea paa. Kisha nguzo zikafichwa nyuma ya ukuta mpya wa mawe. Mgeni akiingia leo anadhani paa limeegemea chumba cha kale. Ukweli ni kwamba limesimama kwa miguu yake.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Paa lisiloruhusiwa kusukuma kuta lazima lijishikilie lenyewe, na ndiyo maana chuma chake ni kizito kuliko ambavyo kingekuwa kama kuta zingesaidia. Wahandisi walikubali kununua chuma zaidi ili kuta za zamani zisiguswe na msukumo mpya.

Kulikuwa na ugumu mwingine. Chumba cha kusomea hakiko katikati kamili ya ua. Kimesogea kama mita 5 upande wa kaskazini. Kwa hiyo umbali kutoka chumba hadi ukuta si sawa pande zote, na paa halikuweza kuwa na umbo moja linalojirudia. Mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Bath, Chris Williams, alisaidia kulikokotoa umbo lake kwa kompyuta. Matokeo yake ni kwamba kila kioo kina vipimo vyake. Kioo cha mahali fulani hakiwezi kuwekwa pengine.

Vifaa navyo havikuwa na mlango wa kupitia, kwa kuwa ua umezungukwa na jengo na wageni walikuwa ndani. Winchi ndefu zilivinyanyua kutoka barabarani na kuvipitisha juu ya mapaa ya makumbusho. Wakati wa kuunganisha, paa lote lilikuwa limebebwa na jukwaa la muda, kama mirunda inayobeba zege la ghorofa kabla halijakauka. Lilipokamilika, lilishushwa polepole hadi likakaa lenyewe. Ni wakati huo paa linapoachiwa ndipo mhandisi anajua kama hesabu zake zilikuwa sawa.

Kuchimba chini bila kuangusha cha jirani

Si mbali na hapo, katika mtaa wa Exhibition Road, kuna Victoria and Albert Museum, jengo jingine la kale linalolindwa kisheria. Lenyewe lilichagua njia ya chini. Mwaka 2017 lilifungua ukumbi mkubwa wa maonyesho uliojengwa ardhini, chini ya ua. Ukumbi una mita za mraba 1,100, zaidi ya robo eka, na hauna hata nguzo moja katikati. Ili kuupata, walichimba zaidi ya mita 15 kwenda chini, jirani kabisa na kuta za karne ya 19.

Mchimba choo anajua hatari yake. Ukichimba shimo refu karibu na nyumba, udongo ulio chini ya msingi wa nyumba unapata mahali pa kukimbilia. Ukisogea kidogo tu, msingi unaufuata, na ukuta unaufuata msingi.

Kwa hiyo katika kazi za namna hii shimo halianzi kwa kuchimbwa. Kwanza linawekewa ukuta. Mashine inatoboa mashimo membamba na marefu kwenye mpaka wa eneo, yanatiwa nondo na zege, moja baada ya jingine, mpaka inakuwa safu ya nguzo zilizozikwa. Baada ya hapo udongo wa ndani ya safu hiyo unaanza kutolewa. Kila wanaposhuka, wanaweka vyuma vinene kuikaza safu ya upande huu na ya upande ule, ili isipinde kuingia shimoni. Vyuma hivyo vinaondolewa pale tu sakafu na kuta za kudumu zinapoweza kufanya kazi hiyo.

London imekaa juu ya udongo mzito wa mfinyanzi. Wasikilizaji wetu wanaoishi kwenye mbuga za udongo mweusi wanaijua tabia ya udongo wa namna hiyo: ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Udongo wa mfinyanzi una tabia nyingine isiyoonekana haraka. Ukiutua mzigo uliokuwa juu yake, unainuka polepole, na unaweza kuendelea kuinuka kwa miaka. Shimo la mita 15 ni kutua mzigo mkubwa sana. Mhandisi anapaswa kujua sakafu ya chini itasukumwa juu kiasi gani, na kuta za jirani zitahisi nini. Hapa pia mzigo uliondolewa upande mmoja, na ardhi ikajibu upande mwingine.

Jengo linavyohojiwa kabla ya kuguswa

Michoro ya jengo la miaka 150 mara nyingi imepotea, au haifanani na kilichojengwa. Kwa hiyo wahandisi hawaanzi kwa kuchora. Wanaanza kwa kulihoji jengo, kama daktari anavyomhoji mgonjwa kabla ya kushika sindano.

Wanachimba mashimo madogo ya majaribio kando ya msingi ili waone kina chake na kimejengwa kwa nini. Wanatoboa ukuta sehemu chache na kutoa vipande vya kupimwa nguvu. Wanafungua sakafu kidogo kuona boriti. Makumbusho yana mizigo isiyo ya kawaida: British Museum peke yake ina sanamu ya mfalme Ramesses wa Pili wa Misri yenye uzito wa zaidi ya tani 7. Sakafu iliyobeba meza za kusomea haiwezi kudhaniwa kuwa itabeba sanamu kama hiyo.

Nyufa zinaandikwa zote, kila moja na mahali pake, urefu na upana. Ufa wa zamani uliotulia hautishi sana. Unaotisha ni ule unaoendelea. Njia ya zamani ya kuutambua ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa gundi ngumu au saruji. Ukuta ukisogea, kioo kinavunjika. Siku hizi kuna vipima vya elektroniki vinavyosoma mwendo mdogo kuliko unene wa unywele na kutuma taarifa kwenye kompyuta.

Kabla ya kazi kuanza wanakubaliana viwango. Ukuta ukisogea kiasi fulani, mhandisi anaitwa. Ukisogea zaidi, kazi inasimama, hata kama mkandarasi analipwa kwa siku. Makubaliano hayo yanaandikwa mapema, kwa sababu kazi ikishapamba moto na pesa zikishatumika, kila mtu anatafuta sababu ya kuendelea.

Zanzibar: kazi ya kutengeneza nayo ni hatari

Hatuhitaji kwenda London kujua kinachoweza kutokea. Pale Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Sultani Barghash alijenga mwaka 1883 jumba la Beit al-Ajaib. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na baraza zake pana zimezungushwa nguzo za chuma cha kusubu. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Baadaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni, na mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Jumba hilo nalo liliwahi kuongezewa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga eneo hilo. Katika matengenezo yaliyofuata, mnara wa saa uliunganishwa na upande wa mbele wa jumba. Ndiyo sura ambayo wengi wetu tuliijua kwenye picha.

Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara huo. Watu wawili walipoteza maisha.

Kutaja chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi, nasi hatuisemi hapa. Lakini wahandisi wa majengo ya kale wanakubaliana juu ya jambo moja: kipindi cha matengenezo ndicho jengo linapokuwa hatarini zaidi. Mawe yanapotolewa ili yabadilishwe, au boriti iliyooza inapovutwa, uzito uliokuwa juu yake haungoji fundi alete nyingine. Unahamia papo hapo kwa ukuta wa jirani, na ukuta wa jirani unaweza kuwa nao umechoka. Ndiyo maana mirunda na vyuma vya kushikilia vinawekwa kwanza, na jiwe linaguswa baadaye.

Majengo ya pwani yana somo jingine. Chokaa ya kale ni laini na inapumua: unyevu unaoingia ukutani unapata njia ya kutoka. Saruji ni ngumu na inaziba. Ukuta wa matumbawe ukipigwa plasta ya saruji unapendeza mwaka wa kwanza, lakini unyevu unabaki ndani, na chumvi inakula mawe na chokaa kimyakimya. Kinachoonekana kama kuimarisha kinaweza kuwa kudhoofisha. Ukarabati mzuri wa majengo hayo unatumia chokaa, ingawa inachukua muda kukauka na inahitaji fundi anayeijua.

Ukitaka kuongeza chumba nyumbani

Nyumba ya tofali za kuchoma na bati si makumbusho, lakini sheria za uzito ni zilezile. Haya ndiyo unayoweza kuchukua.

Kwanza, ihoji nyumba kabla ya kununua tofali. Tembea ukuta wote. Kwenye kila ufa, weka alama ya kalamu pale unapoishia na uandike tarehe. Rudi baada ya masika na baada ya kiangazi. Ufa ukiwa umepita alama, nyumba bado inatembea, na si wakati wa kuiongezea kitu.

Pili, chimba shimo dogo kando ya msingi wa zamani uone kina chake. Msingi mpya ulioshikana na wa zamani usichimbwe ukapita chini yake. Kama lazima uende chini zaidi, sogea mbali. Kwenye udongo mgumu, ukizidisha kina kwa nusu mita, kaa mbali angalau nusu mita. Wala usiuache mtaro mrefu wazi kando ya ukuta, hasa wakati wa mvua. Chimba kipande kifupi, jenga, kisha endelea na kingine.

Tatu, usiulazimishe ukuta mpya kung'ang'ania wa zamani. Upe chumba kipya msingi wake na nguzo zake za pembeni, uache mwanya wa upana wa kidole kati yake na ukuta wa zamani. Mwanya huo ufunikwe kwa ubao au bati lililopigiliwa upande mmoja tu, ili kuta ziweze kusogea bila kupasuana.

Nne, ukitaka kutoboa mlango kwenye ukuta wa zamani, kumbuka kwamba ukuta huo umebeba kenchi na bati. Weka mirunda ya kushikilia kwanza, weka linta, ngoja zege likomae, ndipo utoboe chini yake. Wanaotoboa kwanza wanategemea bahati.

Tano, angalia maji. Paa jipya likimwaga mvua kwenye mguu wa ukuta wa zamani, utakuwa umeongeza chumba na kuondoa msingi. Weka mfereji wa kuyapeleka mbali.

Sita, usipandishe ghorofa juu ya nyumba ambayo haikukusudiwa ghorofa. Hata ukuta ukionekana mnene, msingi haukuhesabiwa mzigo huo. Kwa kazi hiyo, au kwa ufa mpana unaopita kidole, muone mhandisi wa halmashauri yako kabla fundi hajaanza. Gharama ya ushauri ni ndogo kuliko ya kuinua ukuta uliolala.

Wahandisi wa London walitumia mamilioni ya pauni, kompyuta na winchi ndefu, na mwisho wa yote walifanya jambo ambalo fundi yeyote makini kijijini angelielewa: walilipa jengo jipya miguu yake, wakaliacha la zamani liendelee kubeba kile tu lilichokizoea. Ukikaa na fundi wako kupanga kazi, usianze na bei ya tofali. Muulize uzito wa hicho mnachoongeza utapita wapi hadi ardhini. Asipoweza kukuonyesha kwa kidole, kutoka kwenye bati hadi kwenye msingi, kazi bado haijawa tayari kuanza.